Staringi Hakuhitaji Picha Safi

Mnamo Juni 2025, katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Shanghai, Wakfu wa Filamu wa China ulitangaza mpango wa kuzichukua filamu 100 za kung fu na kuzipitisha kwenye mitambo ya akili unde, ili picha zing'ae, sauti zisikike vizuri na rangi zilizochujuka zirudi. Miongoni mwa zilizotajwa ni The Big Boss na Fist of Fury za Bruce Lee, pamoja na Drunken Master ya Jackie Chan, ile ambayo mtaani kwetu hakuna aliyeijua kwa jina lake. Iliitwa tu ile ya mlevi. Fungu la yuan milioni 100, takriban dola milioni 14, likatangazwa kwa ajili ya kazi hiyo. Habari ilipofika Mombasa nilisikia kauli za aina mbili. Wapo walioshangilia: sasa watoto wetu waliozoea picha za kung'ara kama kioo wataacha kuzicheka kung fu za baba zao. Na wapo walionuna, hasa wazee wa barazani, kwamba mashine itazipaka filamu zile vipodozi mpaka zisitambulike, kama bibi harusi aliyejazwa poda hadi mamake mzazi akampita mlangoni.

Kauli hizo zinaonekana kupingana, lakini zimekaa kwenye jamvi moja. Zote mbili zinaamini kwamba mvuto wa filamu zile umo kwenye picha: mmoja anaona vumbi limeuficha, mwingine anaona vumbi ndilo linaloulinda. Mimi naona vumbi halina kesi hapa. Zile kung fu za kuchekesha, zilizopigwa harakaharaka kwa pesa kidogo, zilitunasa kwa kile ambacho ukata uliwalazimisha watengenezaji wake kukifanya, yaani kulipa kwa mwili pale ambapo tajiri hulipa kwa pesa, na kumwachia mtazamaji ayaone malipo hayo kwa macho yake mwenyewe. Ukilishika hilo, swali la kuwauliza watu wa Shanghai linakuwa jingine kabisa. Na swali la kuwauliza vijana wetu wanaotengeneza filamu hapa pwani linabadilika zaidi.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sinema ya Hong Kong ilitawaliwa na studio ya Shaw Brothers, kiwanda kamili chenye majumba yake, mishahara yake na mabweni ya waigizaji wake. Mwaka 1970 Raymond Chow alitoka humo akaanzisha Golden Harvest, na mwaka uliofuata kampuni hiyo changa ikampeleka Bruce Lee nchini Thailand kupiga The Big Boss kwa kiasi kinachotajwa kuwa dola 100,000 hivi. Hata Enter the Dragon ya 1973, iliyotiwa mkono na Wamarekani wa Warner, inasemekana iligharimu dola 850,000, pesa ndogo kwa viwango vya Hollywood. Bruce Lee akafariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla filamu hiyo haijatoka. Wafanyabiashara wakaingia mbioni kutafuta sura yake. Akazuka Bruce Li, akazuka Bruce Le, akazuka Dragon Lee. Sisi tuliwatazama wote, na nawajua watu wazima, wenye wajukuu, ambao hadi leo wanaapa kwamba alikuwa ni mtu mmoja aliyenenepa na kukonda.

Walikuwa wanamtafuta mkali mwingine, kumbe atakayeirithi nyumba ni mcheshi. Mwaka 1978 kampuni ndogo ya Ng See-yuen ilimwazima Jackie Chan, kijana ambaye filamu zake zilikuwa haziendi, ikamkabidhi kwa Yuen Woo-ping, mtu ambaye alikuwa hajawahi kuongoza filamu hata moja. Mwaka huohuo wakatoa mbili: Snake in the Eagle's Shadow, kisha Drunken Master. Mwaka huohuo pia Sammo Hung, pandikizi la mtu mwenye kitambi, alitoa Enter the Fat Dragon, akimwiga Bruce Lee teke kwa teke na ukelele kwa ukelele. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na pesa za kujivunia. Kilichokuwamo ni mbinu mpya: badala ya staringi kuwa mtu asiyepigika, akawa mtu anayepigwa sana, anayeumia, anayepuliza vidole vyake kwa maumivu, na anayeshinda dakika ya mwisho kwa ujanja.

Mtu wa pwani hakuhitaji kufundishwa kumpenda mtu wa namna hiyo. Tumelelewa na Abunuwasi, anayemzunguka sultani kwa akili kwa kuwa hana jeshi. Lugha yetu ina neno chale kwa mtu wa kuchekesha, neno ambalo wengi tunalihusisha na Charlie Chaplin, ambaye naye alikuwa fukara mwenye fimbo aliyewatoroka polisi. Na kuna jambo la ndani zaidi katika ile ya mlevi. Kijana mtukutu anayeigizwa na Jackie ni Wong Fei-hung, mtu aliyeishi kweli, bingwa na tabibu ambaye Wachina wa kusini wanamheshimu sana. Kabla ya hapo Kwan Tak-hing alikuwa amemwigiza katika filamu zaidi ya 70 tangu 1949, kila mara akiwa mzee wa busara na staha. Sasa chukua sheikh mmoja mkubwa wa mji, umwonyeshe alivyokuwa na miaka kumi na minane, anatoroka darasani na kula hotelini bila kulipa. Ndicho walichokifanya. Halafu wakamtia mikononi mwa mwalimu mlevi anayemning'iniza miguu juu kichwa chini, ahamishe maji kutoka ndoo ya chini hadi ya juu kwa vikombe viwili vidogo. Aliyepita chuoni, akashikishwa masikio na kuchungulia bakora ya mwalimu kwa pembe ya jicho huku anakariri, alijiona mle ndani. Kama kuna kitu kilichovuka bahari bila kuhitaji mkalimani, ni ile hasira ya mwanafunzi kwa mwalimu ambaye baadaye atagundua alikuwa anamfundisha kweli.

Nimesema walilipa kwa mwili. Nifafanue, maana hapa ndipo wachambuzi wengi hupita mbio. Filamu yenye pesa inaweza kumchukua mwigizaji asiyejua kupigana ikamfanya bingwa: kamera inasogea karibu, inatikisika, mkasi unakata mara ishirini kwa dakika, unaona ngumi, unaona uso, unaona mtu kadondoka, huoni nani kampiga nani. Kung fu ya bei nafuu haikuwa na anasa hiyo wala haikuihitaji. Kamera inasimama mbali, inamchukua mtu kutoka utosi hadi kidole cha mguu, na haikatwi mpaka kipande kiishe, mapigo manane, kumi, kumi na mawili. Sisemi hapakuwa na hila. Walizoea kupiga picha kwa fremu 22 kwa sekunde badala ya 24 ili mwendo uonekane wa kasi kidogo, na zile sauti za ngumi, pa! pa! fyuu!, zilitengenezwa baadaye studioni. Lakini hila hizo zilikoleza kitu kilichokuwapo. Mguu ule ulipaa kweli, na mtu yule alianguka kweli juu ya meza ile.

Jackie, Sammo na mwenzao Yuen Biao hawakutoka kwenye vyuo vya mapigano. Walitoka kwenye shule ya opera ya Peking ya Mwalimu Yu Jim-yuen, walikofundishwa kuimba, kupindua sarakasi na kucheza na silaha kwa kufuata mapigo ya ngoma. Kwa hiyo wanachokifanya kwenye filamu ni ngoma iliyovaa nguo za ugomvi. Mtaalamu wa sinema wa Marekani, David Bordwell, alieleza kwamba mapigano ya Hong Kong huenda kwa mwendo wa kutulia, kulipuka, kisha kutulia tena. Maelezo mazuri, ila mtu aliyewahi kusimama kwenye duara la kirumbizi kule Lamu wakati wa Maulidi angemwambia vivyo hivyo bila kitabu. Wanaume wawili wanaingia na fimbo, zumari inalia, wanazungukana, wanatulia, ghafla fimbo zinagongana, kisha wanatulia tena. Watu hawashangilii damu. Wanashangilia yule aliyelikwepa pigo la mwenzake kwa madaha. Jamii yenye mchezo kama huo ikiwekewa Drunken Master haioni kitu kigeni, inaona jamaa wa mbali.

Kisha kuna vyombo. Ukikosa pesa za magari ya kulipua unaangalia kilichomo chumbani: benchi, ngazi, mwavuli, bakuli, vijiti vya kulia, kigoda. Hapo ndipo ucheshi unapozaliwa, kwa sababu kitu cha nyumbani kinageuka silaha huku kikibaki kuwa cha nyumbani. Staringi anapigana na huku anajitahidi chai isimwagike. Wahusika nao ni wa daraja hilohilo, wapishi, wachinjaji, wahudumu wa hoteli, wanagenzi, wabeba mizigo. Katika mji wa bandari uliojengwa na mahamali na wasukuma mikokoteni, hilo halikuwa jambo dogo. Filamu ya Kihindi ilituonyesha jumba lenye ngazi mbili za kuzunguka. Ya Kimarekani ilituonyesha farasi na jangwa. Hii ilituonyesha benchi. Nasi tulikuwa nalo. Kakangu aliwahi kuikamata mbuzi ya kukunia nazi kama Jackie alivyokamata benchi, na kovu la mkononi analo mpaka leo. Mama hakumlaumu Jackie, lakini mbuzi ilihamishiwa juu ya kabati.

Na tusisahau lugha, au tuseme ukosefu wake. Mwaka 1963, mwaka uleule tuliopata uhuru, serikali ya kikoloni ya Hong Kong ilianza kulazimisha filamu ziwekewe maandishi ya Kiingereza, na mengi yalikuwa meupe juu ya shati jeupe. Zilizotiwa sauti za Kiingereza zilikuwa na mdomo unaoendelea kutafuna hewa baada ya maneno kwisha, tukawa tunauiga mdomo huo njia nzima kurudi nyumbani. Kwenye vibanda vya video vya Majengo au Kisauni, deki moja na televisheni moja, mabenchi ya mbao na watoto wamejipanga sakafuni, ni wachache waliosoma maandishi yale na hakuna aliyejua Kikantoni. Kwa hiyo akatokea mtu wa kueleza. Mara ya kwanza alikuwa kijana yeyote aliyekwisha kuiona kaseti, anayekaa mbele na kutangaza: huyu mzee ndiye aliyemuua babake, ngojeni. Baadaye kazi hiyo ikawa na mabingwa. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana ma-VJ wao, na sisi Kenya tuna DJ Afro, aliyezichukua filamu hizi akazisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani, akampa kila mhusika tabia mpya na pengine hata kisa kipya. Hapo filamu ya bei nafuu inaonyesha faida nyingine: ina nafasi. Hadithi yake ni nyembamba kama uzi, kwa hiyo msimulizi ana pa kuingilia. Jaribu kuisimulia hivyo filamu yenye mazungumzo mazito, utagombana nayo. Kisheria, najua, mengi ya haya hufanyika bila ruhusa ya wenye haki, na vibanda vyenyewe mara nyingi vilifanya kazi bila leseni ambayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani inaitaka. Sitetei hilo. Naeleza tu kwamba kilichopendwa hapa kilikuwa nusu Hong Kong na nusu Mombasa, na ile nusu ya pili haimo kwenye mikanda itakayosafishwa Shanghai.

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa sana, hasa na wasomi: kwamba watu walizitazama filamu hizi kwa sababu hawakuwa na kingine, kwamba ni chakula cha mwenye njaa. Mombasa haikuwa na njaa ya sinema. Mji huu ulikuwa na Naaz, Regal, Majestic na Kenya, na kwenye kuta zake picha za Bombay zilibandikwa kando ya kauboi wa Kiitaliano na majasusi wa Kiingereza. Watu walichagua. Mtu aliyelipia tiketi ya filamu ya Kihindi wiki hii, akalipia ya kung fu wiki ijayo, alijua anachokifuata katika kila moja. Tena kama ni shida iliyotufunga, basi kamba ingekatika siku simu ilipoingia mfukoni na dunia nzima ya filamu ndani yake. Haikukatika. Vipande vya mapigano yaleyale, vyenye msimulizi juu yake, ndivyo vinavyozungushwa leo na vijana ambao hawakuzaliwa wakati majumba yale yanafungwa moja baada ya jingine. Wanatazama kwenye kioo cha inchi sita, kwenye matatu, jua linapiga, nusu ya picha haionekani. Halafu tunaambiwa tatizo lilikuwa ubora wa picha!

Hoja ya ukatili ina uzito zaidi, ingawa si mwingi. Wazazi na walimu wa madrasa waliolalamika hawakuwa wajinga. Watoto walikwepa masomo kwa ajili ya vibanda vile, na humo ndani kulikuwa na moshi, miraa na watu wazima wasio na kazi. Lakini hayo yanahusu kibanda. Filamu zenyewe, hasa za ucheshi, zina damu kidogo kuliko taarifa ya habari ya saa moja. Kinachonisumbua mimi ni kingine ambacho wazee wale hawakukilalamikia: kiasi cha mzaha ulioelekezwa kwa watu wenye kigugumizi, wenye makengeza, wanene, na wanawake ambao kazi yao kwenye hadithi ni kuvuta sikio la mume au kupigwa kofi ili ukumbi ucheke. Nimezirudia filamu hizo nikiwa mtu mzima na binti yangu kando, nikashika rimoti mara mbili. Mapenzi yangu kwazo hayajaisha, ila sizitetei zote kwa pamoja.

Hoja nzito kuliko zote haitoki kwa wazazi wala wasomi. Inasema hivi: kusifu filamu kwa sababu ililipa kwa mwili ni kusifu unyonyaji, maana mwili una mwenyewe. Jackie aliingizwa kwenye shule ile akiwa na miaka 7, kwa mkataba wa miaka 10, na yeye na wenzake wameeleza wazi walivyokuwa wakichapwa. Mwaka 1986 huko Yugoslavia alirukia tawi la mti, akaanguka, fuvu likapasuka. Huyo ni tajiri na maarufu. Nyuma yake kuna mamia ya waangukaji wasiojulikana, waliovunjika mbavu kwa ujira wa kutwa. Sina jibu la kuifuta hoja hii na sitajifanya ninalo. Ninachoweza ni kuonyesha mahali inapochanganya mambo mawili, ufundi na hatari. Tazama tarehe. Zile za 1978, zilizokuwa maskini kweli, uhondo wake ni vikombe vya maji, mitindo ya kilevi, benchi na mazoezi. Vitu vigumu mno kufanya lakini si vya kuua. Kuanguka kutoka mnara wa saa ni Project A ya 1983. Kuteleza kwenye nguzo ya taa ndani ya jumba la maduka ni Police Story ya 1985. Hizo zilikuja pesa zilipoongezeka, na soko likataka kila mara kitu kirefu zaidi cha kuangukia. Ukata ulidai ustadi, na hatari ikazidi kadiri bajeti ilivyonenepa. Kwa hiyo ninapousifu mwili, nausifu ule wa vikombe. Ule wa mnara nautazama kwa pumzi iliyokatika, na kwa aibu kidogo.

Kwa jicho hilo, tuurudie mradi wa Shanghai. Wanaoutetea wana haki kwa sehemu kubwa. Mikanda ya filamu inaoza, na isipotunzwa inanuka siki na kugeuka ungaunga. Mwaka 2000 kampuni ya Celestial ilipoinunua hazina ya Shaw Brothers, filamu zipatazo 760, ikaanza kuzikarabati, ilituokolea kazi ambazo zingepotea. Lakini hata wakati huo mashabiki walinung'unika kwamba sauti za mapigo katika baadhi yake zimebadilishwa. Wengine waliwacheka. Mimi naona walikuwa wameshika mahali penyewe, kwa kuwa sauti ile ni ngoma ya mchezo, na ukibadilisha ngoma mchezaji anaonekana amekosea hatua. Akili unde inakwenda mbali zaidi ya hapo. Inapoikuza picha hafifu haifuti vumbi tu; pale isipoona, inabuni. Mkono unaopita kwa kasi kwenye mkanda wa 1978 ni ukungu, vidole havihesabiki. Mashine itaamua vidole viko wapi. Rangi ya ukuta ikibuniwa, sijali. Mkono ukibuniwa, basi kile nilichokilipia, ule ushahidi kwamba mtu alifanya, kimebadilishwa na makisio ya kilichoelekea kufanyika.

Jackie mwenyewe alilijua hili mapema. Baada ya kushiriki filamu moja ya Kimarekani ya mwaka 1981 iliyomalizikia na vipande vya makosa ya waigizaji, alianza kuweka vyake mwishoni mwa filamu zake: staringi anakosea, anagonga goti, anacheka, anarudia, anabebwa. Kwenye vibanda vyetu hakuna aliyenyanyuka kabla ya vipande vile kwisha, na mwenye deki aliyezima mapema alijua atakachosikia. Ile ilikuwa risiti. Mtu umemuuzia kitu, unamwonyesha kwamba kilikuwa cha kweli na kiligharimu nini. Swali langu kwa mafundi wa Shanghai si kama watazing'arisha filamu. Ni kama watazigusa sehemu ambazo mwili unafanya kazi, na kama watatwambia ni wapi walipozigusa.

Swali la hapa nyumbani ndilo linalonikalia rohoni. Ukikaa na vijana wa Mombasa wanaotaka kutengeneza filamu, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye vifaa: kamera fulani, droni, taa, na sasa programu za kuumba mlipuko bila baruti. Wakikosa hivyo wanaahirisha. Wengine huleta mfano wa Wakaliwood, na ni mfano mzuri: Isaac Nabwana, katika mtaa wa Wakaliga kule Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kiasi kinachosemwa kuwa hakikufika dola 200, akamtia VJ Emmie ndani ya filamu yenyewe, asimulie na kupiga kelele, na dunia ikaitazama kwenye YouTube. Lakini mfano huo nao unasomwa vibaya. Wazungu wengi walioisambaza walikuwa wanaicheka, na baadhi ya wanaoiga kwetu wanaiga kile kilichochekwa, damu ya rangi na bunduki za mabomba, wakidhani ubovu ndio siri. Hawawaoni vijana wa Wakaliga waliojifundisha kung fu wenyewe na kufanya mazoezi uani miaka nenda miaka rudi. Ukata peke yake hauleti kitu. Nimetazama filamu nyingi za bei rahisi ambazo zilikuwa rahisi na basi.

Shule ya opera hatuna, lakini kitu cha jamii hiyo tunacho, na tunakipita kila siku. Kwenye hoteli za ufuo wa Bamburi na Nyali, na kule Diani, baada ya chakula cha jioni wanaingia wanasarakasi wetu. Wanajenga minara ya watu, wanapenya kwenye pete, wanapita chini ya ufito unaowaka moto, nusu saa tu, kisha kofia inazungushwa kwa wageni. Wengi wameanza utotoni, mchangani, wakifundishwa na kaka zao. Miili ile inajua kila kitu ambacho Hong Kong ya 1978 ilikuwa nacho. Na mji unajua vichekesho vyake: hamali anayebishana na mkokoteni kwenye mteremko, abiria aliyechelewa feri ya Likoni, mgema aliyeko juu ya mnazi wakati mwenye mnazi amefika chini, vichochoro vya Mji wa Kale ambamo watu wawili wenye mizigo hawapishani bila mmoja kuitwa mpumbavu. Gharama ya vyote hivyo ni nauli na chapati.

Nimepiga hesabu ya juujuu. Dola 100,000 za mwaka 1971, ukiongeza mfumuko wa bei, hazifiki milioni moja ya leo, kwa hiyo fungu la kuzisafisha filamu 100 za zamani lingetosha kutengeneza mpya zaidi ya kumi za kimo cha The Big Boss. Lakini hata hilo ni hesabu ya Shanghai. Ya kwetu ni ndogo zaidi. Wale vijana wa hotelini humaliza onyesho saa nne za usiku, na asubuhi wako ufuoni tena wanafanya mazoezi bure, mtu na mtu mgongoni. Benchi lipo. Anayekosekana ni mtu wa kusimama na simu yake mbali kidogo, kutoka utosi hadi kidole cha mguu, asikate mpaka kipande kiishe.